Wabebaji wa Mstari wa Juu

Kijiji cha Ujamaa, Keza
10 Desemba 1978

Baba Secilia,

Pokea salamu upesi, maana habari ni ndefu na Secilia yuko mgongoni ananivuta kalamu. Sisi tunapumua. Tangu lori lilipowachukua ninyi mgambo kwenda Biharamulo sijui hata kama bado mko huko au mmeshasogezwa mpakani. Naandika tu, maharage yakiwa jikoni.

Mstari wetu wa juu wa nyumba za kijiji umebaki wa wanawake, watoto na wazee. Mzee Kazimili, makamu wako katika chama cha ngobyi, hupita jioni na fimbo yake kukagua kama kila nyumba ina moto. Ahsante kwake. Lakini moto haumfikishi mtu hospitali.

Ngobyi iko palepale ulipoiacha, darini kwetu, pamoja na miti yake miwili. Kila nikiinua macho naiona, kikapu kirefu cha kubebea wagonjwa kinangoja mabega, na mabega yote mmeondoka nayo. Magari ya wilaya yamekwenda vitani. La misheni halina petroli. Leonsia, mke wa Laurian, karibu anajifungua na miguu imemvimba kama vibuyu. Baada yake nafuata mimi, mwezi wa tatu au wa nne. Hujasahau walivyonipasua kumtoa Secilia, na maneno ya daktari ulikuwepo ukiyasikia: huyu wa pili asizaliwe nyumbani, kovu litaachia na mama atakwenda nalo.

Basi tumekaa kisimani, mimi, Leonsia, Kwandu Msukuma na Nyirabahizi, ambaye ninyi wanaume hamkumwandika kwenye chama ati ni mtu wa kuja kutoka Rwanda, ingawa alikuja akiwa mtoto wa kunyonya. Tumesema, wazee wakishindwa, ngobyi tutaibeba sisi. Kwandu akasema, "Kwetu Shinyanga nimebeba magunia ya pamba, nitashindwa na Leonsia?" Leonsia akamjibu, "Gunia halikung'ati sikio, dada. Mimi nikishikwa na uchungu nang'ata."

Najua mwiko. Sikuombi ruhusa. Nakuarifu kwa kuwa wewe ndiye kiongozi wa chama, na kwa kuwa wewe ni mume wangu.

Mkeo,
Eufrazia


Kambini
29 Desemba 1978

Mama Secilia,

Barua yako nimeisomea juu ya sanduku la risasi, nikafurahi mpaka nilipofika kwenye ngobyi.

Hapana. Mwanamke haweki bega chini ya mti wa ngobyi. Baba aliupokea mwiko huu kwa babu, na mimi nikaupokea kwake siku alipoanza kutetemeka mikono. Wanaume hupakia mgonjwa ndani, wanawake wakiwa uani, kisha ninyi hufuata nyuma na vikapu vya chakula. Ndivyo ilivyo. Ngobyi ina adabu zake za barabarani ambazo hamkufundishwa, na adabu ikivunjwa ni mgonjwa anayelipa.

Kazimili aombe vijana kijiji cha Kasulo. Vita hivi havitachukua muda. Wewe tulia, kula, mfunike mtoto.

Laurian tunalala naye hema moja. Kila jioni ananiuliza, "Shemeji hajaandika kitu juu ya Leonsia?" Ananichosha, lakini namwelewa.

Mumeo,
Protasi


Keza
14 Januari 1979

Baba Secilia,

Barua yako imefika. Nimeisoma, nimeikunja.

Mwambie Laurian kwamba Leonsia amejifungua mtoto wa kiume hospitali ya misheni. Alifika kwa wakati. Mama na mtoto wako salama.

Mvua zimetosha, maharage yamechanua. Secilia anamwita "baba" kila mtu mwenye kofia, juzi amemwita hivyo padri mbele ya watu.

Mengine tutazungumza.

Mkeo,
Eufrazia


Kambini
18 Januari 1979

Eufrazia,

Nilikukataza au sikukukataza?

Dereva wa lori la chakula ametoka Ngara. Anasema ameona kwa macho yake ngobyi inateremka kilima cha Keza, wanawake peke yao chini ya miti, na pembeni ya barabara watu wameketi chini wanalia. Akasimamisha gari, akavua kofia, akauliza ni nani. Wakamwambia, ni Leonsia wa Laurian.

Laurian ameomba wembe akanyoa kichwa chote. Chakula anakipeleka mdomoni, kisha anakirudisha kwenye sahani. Leo tumepewa amri ya kujiandaa kusogea mbele, na mtu wa hivyo hawezi kushika bunduki, atauawa. Naye hajanilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu.

Niambie nimwambie nini.

Protasi


Keza
4 Februari 1979

Baba Secilia,

Mwambie Laurian avae kofia, nywele zitaota! Mkewe yuko hapa jikoni kwangu, anamenya ndizi na nusu anakula mbichi. Mtoto analala kwenye ungo wangu. Barua zetu zimepishana njiani, na kosa ni langu, nilikuficha namna alivyofika hospitali kwa kuwa nilijua utafoka. Umefoka hata hivyo.

Sasa sikia yote.

Uchungu ulimshika asubuhi, mtoto amekaa vibaya. Mzee Kazimili akatuma mtu Kasulo kuomba vijana. Mchana, hakuna kijana. Leonsia akaanza kuzungusha macho. Nikapanda darini mwenyewe, na tumbo langu hili, nikaishusha ngobyi. Tukampakia. Hapo ndipo tulipokosea, maana hamjawahi kutuacha tuone mnavyopakia. Tuliangalia kilima kile cha kuteremka, tukasema, akitangulizwa kichwa, damu yote itamshukia usoni. Basi tukatanguliza miguu, kichwa kikabaki juu, upande wa nyuma. Ilikuwa akili tupu. Kumbe barabarani miguu ikitangulia ni maiti!

Tukapata na hatua pia. Kwandu ni mrefu, mti ukawa unalalia kwa Nyirabahizi, tukamweka Kwandu mbele kwa kuwa tunateremka. Tukaimba ule wimbo wa kupura maharage, miguu ikakubali. Mimi sikubeba, nilishika maji na khanga. Kufika kwenye njia ya sokoni, watu wanaona nyayo za Leonsia zinachungulia mbele. Mmoja akaketi chini. Mwingine akaketi. Mwenye baiskeli akashuka. Mama mmoja wa Bugarama akaanza kulia kwa sauti, "Yuuu, Leonsia, umeniachia nani!" na wala hamfahamu. Sisi tukazidi kwenda mbio tukidhani wanatuhurumia. Ndipo Leonsia akainuka na viwiko vyake, jasho linamtiririka, akasema, "Ninyi mnamlilia nani?"

Baba Secilia, walikimbia. Yule wa baiskeli aliiacha baiskeli.

Bila shaka dereva wenu alikuwa ameshaondoka na kilio chake. Leonsia anataka kuongeza neno, nampa kalamu.

*Laurian mume wangu. Mimi sijafa. Ningekufa ningekuwa wa kwanza kukwambia. Mtoto ana masikio yako, masikini. Kula. Mkeo Leonsia.*

Umeona. Sasa yaliyobaki si ya kucheka. Wiki iliyopita Mzee Kazimili alinijia mlangoni. Amesema mtu hai akipitishwa njia ya wafu kaburi limeshamwandika, na balaa hilo litaugeukia mstari mzima. Amechukua ngobyi na miti yake, ameifungia kwenye ghala la kijiji. Na nyumba zote zilizotoa mabega zimefutwa katika chama, hazitabebwa wala kubebewa. Yetu ni ya kwanza.

Tumbo langu linazidi kukua. Wewe ndiye kiongozi, neno lako moja linafungua ghala. Mwandikie. Sikuombi kingine.

Mkeo,
Eufrazia


Tuko mbele
19 Februari 1979

Mama Secilia,

Laurian alilichukua karatasi lako akaenda nalo nyuma ya gari. Tulimsikia anacheka, kisha tukamsikia analia, kisha akaja akaomba ugali wangu. Sasa analibeba mfukoni kama kitambulisho, kila mgeni lazima asomewe habari za masikio.

Juu ya Kazimili nimekusikia. Ni mzee, mstahi. Nitalishughulikia mwenyewe kwa wakati wake. Wakati huo wewe nenda Bugarama kwa mama ukakae, kule barabara ipo, gari lolote likipita utapata msaada. Usiinue vitu vizito. Usijibizane na wazee.

Hapa mizinga inapiga. Mimi mzima.

Mumeo,
Protasi


Keza
9 Machi 1979

Protasi,

Leo nakuita kwa jina lako, na nikikasirika zaidi nitatafuta jingine.

Kwenda Bugarama sikwenda. Nimeuliza, tangu mwaka mpya barabara ya mama yako imepitisha ng'ombe tu, na askofu akienda kwa miguu kwa kukosa petroli. Nikajifungue mama yako akinishika mkono na kusema rozari? Nampenda, lakini hana kisu cha daktari.

Nilikwenda kwa Mzee Kazimili. Tulikuwa wengi, wanawake wa mstari mzima, tukamwamkia vizuri. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu." Nikapiga magoti na tumbo hili, nikamwambia tunaomba ngobyi, tutawatafuta wanaume wa kubeba hata mstari wa chini, ila ghala lifunguliwe. Akaangalia pembeni. Nikamwambia mume wangu atakuandikia. Hapo akashindwa kujizuia.

"Mwanangu," akasema, "mumeo ndiye aliyefunga."

Mbele ya wote. Akasema askari mmoja wa Bugarama aliyejeruhiwa huko kwenu, aliporudishwa mwezi wa kwanza, alimletea maneno yako: ngobyi iondolewe nyumbani kwako, ifungiwe, wanawake wasiisogelee mpaka urudi. Balaa na njia ya wafu Mzee aliyaongeza mwenyewe ili kukufunikia, asikuharibie nyumba. Yule mzee ni muungwana kuliko wewe. Nami nilikaa pale chini, magoti kwenye kokoto, nikijisikia mjinga aliyekuwa akimwandikia mwizi amsaidie kutafuta mwizi.

Kwandu aliniinua. "Wabeja, mzee," akamshukuru kwa Kisukuma, "sasa tumejua hatuna la kusubiri."

Basi hatusubiri. Nyirabahizi amekata matete, anasuka. Sisi wengine tunasokota kamba za mkonge. Ngobyi yetu itakuwa pana kuliko yenu, maana ile ya kwenu ilitengenezwa na mtu asiyejua nyonga ya mwanamke. Kila alasiri tunafanya mazoezi uwanja wa shule, Leonsia amelala ndani ananyonyesha na kutupigia kelele. Wanaume wa mstari wa chini hukaa kwenye ukuta kutucheka. "Mnampeleka wapi malkia?" Nyirabahizi anawajibu, "Tunamtembeza aone wanaume waliobaki. Anasema hajaona."

Nimechoka, Protasi. Nachoka mpaka kwenye meno. Secilia hataki chini, huyu wa ndani hataki juu. Lakini sitakufa kwa sababu yako.

Eufrazia


Ng'ambo ya mpaka
28 Machi 1979

Mama Secilia,

Ndiyo. Nilisema ifungwe, na kama ningekuwa hapo leo ningesema tena.

Unadhani ni mwiko wa babu. Mwiko ulinisaidia tu kusema. Ukweli ni kwamba nakujua. Mtu akiita, wewe ndiye wa kwanza kuacha sufuria. Umesema ulishika maji na khanga. Mara ya pili mmoja atachoka, utaweka bega, na kovu lile litaachia hapohapo mlimani, nami niko huku. Niliona ni afadhali unichukie ukiwa mzima.

Huku nimebeba watu wengi sana. Sikuandikii hayo. Jua tu kwamba mimi sijui tena kumbeba mtu bila kufikiri atakufa kabla ya kufika.

Hii ni barua ya pili naandika, ya kwanza nimeichana. Sijapata neno lako tangu ile. Siku zako zimefika au zimepita? Mwambie yeyote aniandikie, hata mstari mmoja. Hata Kazimili.

Protasi


Keza
22 Aprili 1979

Baba Secilia,

Niko hai. Nimeanza na hilo ili usisome mengine ukitetemeka.

Uchungu ulinijia mvua za masika zikiwa zimefungua mabomba. Nilikuwa napalilia, nikahisi pale kwenye kovu kama mtu anapasua kitambaa polepole. Sikupiga kelele. Nilikwenda kwa Kwandu nikamwambia, "Dada, sasa." Akapiga ule mluzi wake wa kuitia ng'ombe, na kabla sijaketi walikuwa wamefika, mmoja na unga mikononi, mwingine na povu la sabuni.

Njiani, pale mwisho wa mstari, Mzee Kazimili alikuwa amesimama katikati na fimbo yake. Mvua inamnyeshea.

"Hamtapita hapa na jambo hili," akasema. "Protasi atanidai nini akirudi?"

"Shikamoo, mzee," Nyirabahizi akamjibu, mti uko begani. "Sogea."

"Wewe ni nani wa kunisogeza? Wewe hata kwenye chama humo!"

"Ndiyo maana hukuweza kunifuta. Sogea, mzee, huyu anavuja."

Aliniangalia. Sijui aliona nini usoni mwangu. Akasogea, Baba Secilia, akaingia kwenye matope mpaka kwenye vifundo. Tulipopita nikamsikia nyuma yetu anasema kwa sauti ya chini, "Pokezaneni kabla ya kuchoka, si baada." Ni adabu ya kwanza ya ngobyi ambayo mwanamume yeyote ametupa, na ilikuwa kweli.

Kijito kilikuwa kimefurika. Waliingia. Maji yaliwafika kifuani, wakaninyanyua juu ya vichwa, na mimi nalala pale naona mawingu tu, sisikii tena wimbo, nasikia wanavyovuta pumzi. Kwandu aliteleza. Mti ulimshukia kwenye bega mpaka mfupa ukalia, na hakuuachia. Bado mkono wake haufiki kichwani, Leonsia ndiye anayemsuka nywele.

Daktari alinipasua mara moja. Alisema baadaye kovu lilikuwa limeshaanza kufunguka, na kwamba kwa ng'ombe wa mama yako nisingefika. Hakusema hivyo hasa, lakini ndivyo alivyomaanisha.

Ni mvulana. Padri amembatiza Bernardo. Waliombeba wamempa jina lao, na mimi nimelikubali: Shibuda, jina la marehemu baba yake Kwandu. Najua utasema sisi si Wasukuma. Mabega yalikuwa ya Kisukuma siku ile.

Barua yako ya Machi nimeisoma hospitali. Nimekuelewa, na nimelia kwa ajili ya hao uliowabeba. Lakini sikia. Uliogopa nitakufa nikibeba wengine, ukafunga kitu ambacho kingenibeba mimi. Hofu yako nimeolewa nayo tangu zamani, naijua, ningeilaza kitandani na kuifunika. Ila hukupaswa kuipa ufunguo wa ghala.

Mkeo,
Eufrazia


Kambini
12 Juni 1979

Mama Secilia na Bernardo,

Vita vimekwisha! Tunasubiri magari tu. Laurian amekwisha funga mzigo, anaufungua na kuufunga tena.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko amri yoyote ya jeshi. Sina la kubishia. Wape ahsante zangu wanawake wote wa mstari, hasa Kwandu na bega lake. Wamefanya kazi ya wanaume na sitasahau.

Nikifika nitaitisha kikao. Tutaziunganisha ngobyi mbili ziwe chama kimoja kama zamani, nitaushika tena uongozi, nanyi mpumzike sasa, mmeteseka vya kutosha. Na lile jina la mtoto tutalizungumza taratibu.

Mumeo,
Protasi


Keza
3 Julai 1979

Baba Shibuda,

Umeona, nimeanza kulizungumza taratibu.

Nyumba nimeipaka udongo mpya. Kuna ndizi za kuiva zinakungoja, na Secilia nimemfundisha kwamba baba ni mmoja tu, ingawa padri bado anamsogelea kwa wasiwasi. Njoo upesi. Nakutamani kuliko ninavyoweza kuandika hapa, maana Leonsia anasoma juu ya bega langu na anacheka.

Lakini uje ukijua. Ngobyi ya zamani haiko. Mzee Kazimili alipofungua ghala alikuta mchwa wamebakiza miti na nusu ya kikapu. Amekaa juu ya gogo, amecheka mpaka akakohoa, kisha akatuletea ile miti tuitumie. Sasa hivi hatubebi mstari wa juu peke yake. Tangu Mei tumebeba watu wa mstari wa chini, wakiwemo wawili wa wale waliokuwa wakikaa ukutani. Mmoja alitaka kujua kama tutampitisha mahali ambapo watu hawatamwona. Tulimpitisha sokoni.

Wanaume waliorudi kabla yako tumewapokea, na wanabeba vizuri. Kikao kimeshakaa, hatukukungoja. Kiongozi ni Nyirabahizi. Alisema hataki, tukamwambia hakuna aliyemuuliza. Makamu ni Kwandu, kwa sababu ya mluzi. Kazimili anafundisha wapya kupakia, na anafundishia uani, mbele ya wote, watoto wakiangalia.

Umesema tumefanya kazi ya wanaume. Hapana. Ilikuwa kazi, na ninyi hamkuwepo. Umesema tupumzike. Tutapumzika kwa zamu, kama kila mtu.

Nafasi ya uongozi imejaa. Nafasi ya bega ipo. Mwanachama mpya huanza mti wa nyuma, mahali ambapo huoni njia, unafuata tu hatua za aliye mbele. Najua utafikiri mgonjwa atakufa kabla ya kufika. Nitakuwa mbele yako, kovu limefunga. Ukisikia mluzi wa Kwandu, iwe unakula, iwe umenishika mkono, usiniulize ni nani mgonjwa wala nani anaongoza. Shika mti, twende.

Mkeo,
Eufrazia